Gunia la Rwema

Mimi sibishani na mizani. Nabishana na wateja, nabishana na mke wangu, nabishana hata na imamu akirefusha hotuba wakati nina gari juu ya jeki. Lakini mizani ikishasema, nanyamaza. Kwa hiyo mtu asije akaniambia kwamba niliota, au kwamba jua la mwezi wa nane lilinipiga utosini. Nilikuwa nimekunywa chai, nimekula chapati zangu, na akili zilikuwa timamu.

Naitwa Ilyasi. Gereji yangu iko Nyamirambo, chini kidogo ya msikiti, na kazi yangu ni miguu ya magari: springi, shokapu, boshi, alaimenti. Injini siigusi. Injini ni kelele tu, gari linaishi miguuni. Siku hizi hapa mjini kuna vijana wanaopenda mbio za koni. Wanatafuta uwanja mpana wa lami, wanapanga koni za plastiki, kisha kila gari linapita peke yake mara mbili huku saa ikihesabu, mara ya pili ndiyo ya kuamua, na ukiangusha koni unaongezewa sekunde. Anayeshinda siye mwenye injini kubwa. Anashinda yule ambaye gari lake linageuka pale anapotaka ligeuke. Hapo ndipo wanapomkumbuka Mzee Ilyasi.

Bingwa wao alikuwa Rwema. Gari lake lilikuwa dogo, jekundu, la viti viwili, limekaa chini kiasi kwamba ukitaka kuingia unakaa kwanza ndipo uvute miguu. Miguu ya gari lile niliijenga mimi kwa mikono hii. Na Rwema alipenda mkia utoke. Kona ya mwisho, hasa ikiwa na ukuta karibu na watu wanatazama, aliiingia kwa kasi, akauacha mkia uteleze mpaka watu wafumbe macho, halafu akaunyoosha huku anacheka. Nilimgombeza mpaka koo likakauka. "Wewe sha, kijana, iko siku ukuta utakataa kukupisha." Alicheka tu. Hakuwahi kumpisha mtu barabarani, seuze ukuta.

Sasa nieleze kuhusu magunia, maana bila hayo hamtanielewa. Gari la mbio napima kwa mizani minne, kila gurudumu na yake. Ni lazima lipimwe likiwa na dereva ndani, kwa sababu mtu naye ni mzigo, na mzigo unakaa upande mmoja. Lakini dereva gani atakaa kitini kutwa nzima mimi nikihangaika na spana? Kwa hiyo kila dereva wangu ana gunia lake. Nampima, najaza mchanga mpaka gunia liwe sawa na yeye, naandika jina lake kwa kalamu nene, nalikalisha kwenye kiti chake na kulifunga mkanda. Linakaa badala yake mpaka kazi iishe. Dereva akiacha mbio, namwaga mchanga.

Wakati wa mvua za masika Rwema aliniletea gari nibadilishe springi. Nikalipandisha kwenye mizani, nikakalisha gunia lake, nikafunga mkanda. Yeye akapanda pikipiki akarudi kwao Kibagabaga, akala, akalala. Hakuamka. Daktari alisema moyo, na alikuwa kijana ambaye hata mafua hayakumjua.

Babu yangu alikuja nchi hii kutoka pwani na bidhaa zake, na alituachia neno moja ambalo nyumbani kwetu halivunjwi: kitu cha marehemu hakiguswi mpaka mwenye haki nacho aje. Basi sikugusa. Nilitandaza turubai juu ya gari kama lilivyo, gunia likiwa kitini, mkanda umefungwa, jina la Rwema limetazama mbele. Miezi ile yote nilipita pembeni yake nikienda kuchukua spana, na wakati mwingine, Mungu anisamehe, nilimsalimia.

Kaliza alikuja mwezi wa nane, vumbi la kiangazi limekaa juu ya kila kitu. Ni mdogo wake Rwema, muuguzi, mwembamba, si mtu wa maneno mengi. Kila kaka yake alipokuja kujaribu gari, yeye ndiye aliyekaa kiti cha abiria.

"Mzee Ilyasi," alisema, "nimekuja kwa ajili ya gari. Nataka ulipange liwe langu."

"Wewe utaliendesha kwenye koni?"

"Alinifundisha."

"Alikufundisha kupiga mayowe kwenye kona. Nilikuwa nakusikia mpaka hapa."

Akatabasamu kidogo, kisha uso ukarudi ulivyokuwa. Akanieleza. Mama yao, Winifred, hakutaka kuliona gari lile tena. Kulikuwa na rafiki wa Rwema, Achille wa Nyarutarama, ambaye alishasema atalichukua siku yoyote. Kaliza alikuwa amelia, amesusa chakula, hadi mama akaweka sharti. Jumamosi kulikuwa na mbio za koni kule Rebero. Kaliza aliendeshe mwenyewe, mama akiwa anatazama, na alirudishe salama. Akiweza, gari ni lake. Akishindwa, Achille anaondoka nalo jioni ile ile.

"Bado linanukia yeye," alisema. "Nguo zake mama amezigawa zote. Wakilichukua na hili sina kitu, Mzee. Sina kitu kabisa."

Mimi ni mkali, lakini si jiwe. Nikaondoa turubai.

Nikawasha mizani, nikaona namba zile zile nilizoziacha masika: gari na Rwema. Nikafungua mkanda, nikalikumbatia gunia, nikalitoa. Lilikuwa zito na baridi, nikaliegemeza ukutani. Nikarudi kutazama namba ili nianze hesabu upya.

Hazikuwa zimeteremka hata kidogo.

Nikasema betri. Nikabadilisha betri. Nikasema waya. Nikapanda mimi mwenyewe juu ya kila mizani, moja baada ya nyingine, na zote zikanitangazia uzito wangu na aibu ya chapati. Nikalisukuma gari nje, nikaweka mizani sawa kwa pima maji, nikalirudisha. Nikakagua buti, nikakagua chini ya viti, nikapima mafuta kwenye tangi. Mizani ilisema neno lile lile. Upande wa kushoto, mahali pa dereva, kulikuwa na mtu mzima wa kilo sabini na nane. Na kiti nakiona kwa macho yangu, kitupu, kitambaa kimebonyea katikati.

"Kuna nini?" Kaliza aliuliza.

Nilitaka kumdanganya, lakini uso wangu haujawahi kujua kudanganya. Nikamwonyesha. Alitazama namba, akatazama gunia ukutani, kisha akainama na kuweka kiganja juu ya kiti, kama anavyowashika wagonjwa wake paji la uso.

"Kina joto," alisema.

Nikagusa na mimi. Gari lilikuwa kivulini tangu masika, na asubuhi ile ilikuwa na ubaridi. Kiti kilikuwa na joto la kiti ambacho mtu amekalia. Niliuvuta mkono wangu haraka nikaupangusa kwenye ovaroli, na sijui nilikuwa napangusa nini.

Kaliza yeye alikuwa anatabasamu. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, kwa sababu tangu kaka yake azikwe sikuwahi kuona meno ya yule mtoto.

"Usimguse," alisema. "Na gunia lake usilimwage."

"Kaliza, mwanangu, mimi napanga gari la dereva mmoja."

"Basi lipange la watu wawili."

Ningeweza kukataa. Lakini aliniomba kwa sauti ile ile aliyokuwa akimwombea kaka yake nafuu nikimkaripia, nikashika spana. Wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mimi nilidhani mzigo ule nitauweza kwa ufundi. Nikamjazia Kaliza gunia lake, dogo, nikalikalisha juu ya kiti kile huku nimegeuza uso pembeni. Namba zikapanda juu ya zile za mwanzo. Gari likalala bega la kushoto kama mtu aliyebeba ndoo ya maji mkono mmoja.

Springi haiondoi uzito. Hilo mwanafunzi yeyote wa kazi hii anapaswa kulijua siku ya kwanza. Ukikaza ringi ya springi unainua kona moja, na uzito unahamia kona nyingine, lakini haujatoka garini. Nilikaza za kushoto mpaka gari likasimama wima, nikasawazisha pembe kwa pembe. Halafu nikafanya jambo ambalo sijamfanyia dereva yeyote: nikalifanya gari liwe zembe makusudi. Nikalegeza stabilaiza ya nyuma, nikalainisha shokapu, nikapanga upepo wa matairi ili pua iwe nzito kugeuka na mkia usitoke hata ukiombwa. Gari la namna hiyo linakera, lakini haliui mtu.

Tulilijaribu kwenye uwanja mmoja wa maegesho, alasiri, pasipo na mtu. Nilipanga koni chache. Nililipanga lile gari liwe ng'ombe wa maziwa, nalo likatoka kama mbuzi. Kona ya kwanza tu mkia ukachomoka, ukateleza kwa madaha, ukanyooka. Kona ya pili vile vile. Aliyekuwa anaendesha alikuwa anaingia mapema, anaachia breki kwa kuchelewa, anapenda kupita karibu na koni kiasi cha kuipepea. Nilimjua dereva yule. Nilikuwa nimemgombeza miaka mingi.

Kaliza alishuka macho yanang'aa. "Usukani unageuka kabla sijaugeuza," alisema. "Na unakuwa na joto kabla sijaushika. Yumo, Mzee. Yumo humu."

"Na breki?" nikamuuliza.

"Breki anazichelewesha. Unamjua."

Kesho yake, gari likiwa tena juu ya mizani nami nakagua matairi, alikuja mama yao. Winifred alikulia Uganda, na Kiswahili chake ni kile cha huko, kifupi kifupi, lakini mwanamke mwenyewe hajui kuzunguka. Alisimama mbele ya gari na mkoba wake kifuani.

"Mzee Ilyasi, iko nini ndani ya hii gari?"

"Springi na shokapu, Mama Rwema."

"Usinichezee. Binti yangu anarudi nyumbani anaimba. Anaweka sahani mbili."

Nikampa daftari lenye uzito wa gari tupu, nikawasha mizani. Sikumweleza chochote, nilimwacha asome. Alisoma kwanza namba, kisha akatazama kiti kitupu. Hakulia wala hakurudi nyuma. Aliinua mkono kana kwamba anataka kugonga dirisha, akaushusha.

"Wakati wa kukura ikiriyo," alisema, "Kaliza hakuwepo."

Mimi ni Mwislamu, sisi tuna hitima yetu, lakini nimezaliwa hapa na nimekaa kwenye viriyo vingi vya majirani. Siku ya kukura ikiriyo ndugu na majirani wanakaa pamoja, wanakunywa kidogo, kila mtu anamuaga marehemu kwa mdomo wake, na matanga yanafungwa. Baada ya hapo mtu anarudi kazini. Yule aliyekufa naye, wazee wanasema, anajua kwamba ameruhusiwa.

"Tulimtafuta," Winifred aliendelea. "Mimi niliaga, wajomba waliaga, hata Achille aliaga. Yeye alikuwa amekuja hapa kwako."

Nikakumbuka. Siku ile ya mvua nilimkuta amesimama nje ya geti, nikamfungulia. Alikaa saa nzima kando ya turubai. Nilidhani ameshamaliza ya nyumbani, nikamletea chai.

"Futa lile sharti basi," nikasema. "Mwite Achille achukue gari."

"Nikichukua kwa nguvu, si atamfuata huko huko Nyarutarama? Mimi nimezika mtoto mmoja." Akafunga mkoba wake vizuri. "Wewe Jumamosi beba mizani yako. Na ile gunia."

Jumamosi asubuhi Rebero kulikuwa na jua kali na upepo wa kilimani. Uwanja wenyewe ulikuwa wa lami, mpana, na upande wa mwisho kulikuwa na ukuta wa mawe unaozuia udongo wa kilima. Waliopanga koni, sijui walikuwa wamelewa nini, waliweka kona ya mwisho pale pale karibu na ukuta. Nilitafuta sehemu iliyo sawa, nikatandaza mizani yangu. Achille alikuwepo, kijana mpole mwenye miwani mizuri, akanisalimia kwa mikono miwili. Hakuwa na ubaya wowote. Winifred alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mwisho, mkoba mapajani.

Kaliza aliitwa. Alivaa kofia ngumu, akakaa, akavuta miguu ndani. Nilisimama karibu, nikaona mkanda ukijivuta begani kwake kabla mkono wake haujaufikia. Ningependa kusema ulikuwa upepo.

Aliondoka. Kwa muda mfupi uwanja mzima ulikuwa na kelele, halafu ukanyamaza, kwa sababu kila aliyekuwepo aliwahi kumwona Rwema akiendesha na sasa alikuwa anamwona tena. Ilikuwa mistari yake ile ile, na jeuri ile ile ya kupepea koni. "Mungu wangu," Achille alisema kwa sauti ndogo, akavua miwani. Saa ilikuwa inahesabu kasi ambayo hakuna aliyeifikia asubuhi ile.

Kisha ikaja kona ya ukutani. Taa za breki ziliwaka, naapa ziliwaka, nyekundu kabisa, na gari halikupunguza mwendo. Mkia ulitoka wote. Ulipita ukutani karibu kiasi kwamba nilisikia bampa ikikwaruza jiwe. Kisha gari likanyooka, likavuka mstari, likasimama.

Watu walipiga makofi. Mimi nilikimbia, na umri huu.

Kaliza alitoka, mkono mmoja bado juu ya paa la gari. "Nilikanyaga breki mpaka chini," aliniambia. "Mzee, mguu wangu ulikuwa juu ya breki tu. Kulikuwa na mguu mwingine kwenye mafuta."

"Nimeona."

"Nilimwambia punguza. Nilimwambia kaka, punguza, mimi siwezi hivi." Alivua kofia. "Alicheka. Nilimsikia anacheka."

Winifred alikuwa ameshafika. Alipitisha kidole kwenye mkwaruzo wa bampa, kisha akamtazama binti yake.

"Nimerudisha, mama," Kaliza alisema.

"Wewe hukuendesha. Huyu aliyepita hapa nimemzaa mimi, namjua. Nilisema uendeshe wewe." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Bado mzunguko mmoja. Ukipanda naye tena, safari hii huo ukuta hautakupisha. Ukimuaga, utaendesha gari yako. Chagua, mwanangu, mimi sina nguvu ya kuzika tena."

"Nikimuaga hatakuwepo."

"Hayupo, Kaliza."

Kaliza aliuacha mlango wazi, akarudi nyuma hatua moja. Wengine walidhani tunatengeneza kitu. Nililisukuma gari juu ya mizani, kwa kuwa ndiyo kazi pekee niliyoijua wakati ule. Kiti kitupu, kilo sabini na nane. Nikashusha gunia la Rwema kutoka kwenye pikapu yangu, nikaliweka miguuni kwa dada yake, nikampa kisu cha kukatia kamba.

Alilishika gunia kwa muda, shavu lake kwenye jina. Kisha akakata kamba. Mchanga ulianza kutoka pole pole, ukimwagika kwenye majani pembeni ya lami, na upepo wa Rebero ukachukua ule mwepesi. Kaliza alipiga magoti pembeni ya mlango wa dereva, uliokuwa wazi, akaongea na kiti kama watu wanavyoongea kwenye ikiriyo, kwa sauti ya kawaida. Alimshukuru kwa kumpeleka shule kwenye mvua. Alimwambia kwamba pilipili aliyoipanda imezaa. Alimwambia kwamba siku ya kuagana hakuja kwa sababu alikuwa na hasira naye kwa kulala usiku ule bila kusema kitu.

Gunia lilipobaki kitambaa, akasema, "Shuka, kaka. Nipishe niendeshe."

Mimi macho yangu yalikuwa kwenye namba, na kwa kitambo hazikujongea. Nikawaza, huyu hakuwahi kumpisha mtu.

Kisha gurudumu la mbele la kushoto likapungua kidogo. Likasimama. Ilikuwa kama mtu anayetoa mguu mmoja nje, anaushika mlango, anavuta pumzi. Springi ikalia. Halafu upande wote wa kushoto ukainuka mara moja, gari likatikisika kama linavyotikisika mtu akishuka, na namba zikaporomoka. Winifred alisogea pembeni hatua moja, akaacha nafasi ya mtu kupita. Nami nikasogea. Sikuona kitu. Nilisikia ubaridi ukinipita ubavuni, na mchanga ule kwenye majani ukabonyea mahali pawili, kisha basi.

Gari lilibaki limesimama ovyo, bega la kushoto juu, kwa sababu ringi nilizozikaza sasa zilikuwa zinambeba mtu ambaye hayupo. Nililala chini kwenye lami, nikalegeza springi za kushoto mpaka gari likakaa sawa kwa kilo hamsini na nne za Kaliza, si gramu zaidi. Niliangusha spana mara kadhaa, na Achille ndiye aliyekuwa akiniokotea.

Mzunguko wake wa pili ulikuwa mbaya. Nasema ukweli, mimi si mtu wa kupamba. Aliingia kona akiwa amechelewa, aligeuza usukani kupita kiasi, aliangusha koni moja akaiburuta. Kwenye ukuta alikanyaga breki mapema mno, gari likapita pale kwa mwendo wa bibi harusi. Alikuwa wa mwisho siku ile. Winifred alisimama muda wote, na gari lilipovuka mstari alilifuata mpaka liliposimama.

Kisha akafungua mkoba, akatoa ufunguo wa akiba na karatasi za gari, akampa Kaliza kupitia dirishani. Achille alipiga makofi peke yake, kwa heshima. Kaliza alikuwa bado ameshika usukani.

"Umepoa," alisema. Akasogeza pua kwenye kiti, akavuta pumzi, akavuta tena. "Mama, kunanukia mpira tu."

Winifred aliingiza mkono dirishani, akamshika kichwa. Walikaa hivyo mpaka waandaaji walipomaliza kuokota koni.

Wiki iliyofuata nilikuwa nafungua geti, nikamkuta Kaliza ananisubiri ndani ya gari, amevaa sare ya kazini. Alikuwa ameliosha. Nilimtania kwamba aliyekuwa wa mwisho anapaswa kuosha na gereji yangu pia. Hakucheka. Alitoa kile kitambaa cha gunia kutoka chini ya kiti, amekifua, amekikunja vizuri, jina bado linasomeka.

"Nijazie," alisema.

"Kaliza."

"Najua, Mzee. Nijazie tu."

Nilifikiria kumgombeza, maneno yalikuwa yameshafika mdomoni. Nikachukua koleo. Nilijaza mchanga mpaka kilo sabini na nane, nikafunga kamba, nikalikalisha gunia kwenye kiti cha abiria. Kisha tukalisukuma gari juu ya mizani, na wote wawili tukasogea kutazama. Namba zilipanda, zikatulia kwenye gari na gunia tu.

"Imesema nini?" aliniuliza, ingawa alikuwa anaiona.

"Imesema mchanga."

Akatikisa kichwa kukubali. Aliuvuta mkanda wa abiria, akaupitisha begani mwa gunia, akaukaza kidogo usije ukalegea kwenye kona. Mimi nililala chini ya gari, nikazipanga springi kwa watu wawili, nikamfungulia geti.